Msiisingizie Bahari

Tarehe 8 Juni 2023 papa alimuua kijana wa Kirusi aliyekuwa akiogelea karibu na ufuko wa Hurghada, Misri. Video ya tukio ilizunguka dunia ndani ya saa chache. Mamlaka zikapiga marufuku kuogelea kwenye kilomita 74 za pwani, papa akasakwa, akanaswa, na ikatangazwa kwamba atakaushwa awekwe makumbusho. Siku tatu baadaye, asubuhi ya tarehe 11 Juni, boti ya wapiga mbizi iitwayo Hurricane ilishika moto karibu na mwamba wa Elphinstone, kaskazini mwa Marsa Alam, pwani hiyo hiyo. Waingereza watatu waliangamia. Wenzao walikuwa wakipewa maelekezo ya kuingia majini. Hao watatu, kwa maelezo ya kampuni iliyowapeleka, walikuwa wameamua kutopiga mbizi asubuhi hiyo. Mamlaka za mkoa zilisema uchunguzi wa awali umeonesha hitilafu ya umeme kwenye chumba cha injini.

Papa yule anajulikana hadi leo. Muulize mtu jina la boti ile uone kama atalijua.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na maoni yaliyozoeleka. Mitaani, magazetini, hata kwenye vijiwe vya wapiga mbizi wenyewe, inaaminika kwamba mtu anayekwenda kulala wiki nzima kwenye boti katikati ya bahari, azamie mara tatu au nne kwa siku, amejipeleka kwenye hatari kwa miguu yake. Hatari hiyo, wanasema, ni bahari: papa, kina, mkondo, wimbi. Akifa, bahari imemchukua. Kisha mazungumzo hufungwa kwa ule usemi wetu kwamba ajali haina kinga. Mimi nashikilia kwamba misiba mikubwa ya safari hizi haikutokea chini ya maji. Imetokea vitandani, ngazini na kwenye korido, watu wakiwa wamevaa nguo za kulalia. Imeletwa na namna boti ilivyojengwa na namna ilivyoendeshwa, na kinga zake zinafahamika kwa kila anayefanya biashara hii.

Sisemi kupiga mbizi hakuna hatari. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliopitia vifo 947 vya wapiga mbizi wa burudani vilivyotokea kati ya 1992 na 2003. Katika visa ambavyo chanzo chake kilijulikana, asilimia 41 vilianza na jambo moja: mtu kuishiwa hewa kwenye mtungi. Hakuna papa hapo. Ni geji ambayo haikutazamwa kwa wakati, basi. Ndiyo maana mafunzo yote ya mchezo huu yamejengwa kuzunguka udhaifu wa binadamu. Mwanafunzi hufundishwa kumkagua mwenza wake kabla ya kuruka, kutazama geji kila baada ya dakika chache, kuanza kurudi hewa ikiwa bado ya kutosha, kupanda polepole na kusimama mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kuibuka. Anafundishwa mpaka inakuwa tabia. Mtu aliyefunzwa vizuri akiwa mita 20 chini kwenye matumbawe ya Bahari ya Shamu, maji ya joto, upeo wa kuona mbali kabisa, yuko mahali ambapo kila kitu kimefikiriwa mara mbili.

Kisha mtu huyo huyo anapanda botini, anakula, anashuka kulala kwenye chumba ambacho hajawahi hata mara moja kujaribu njia yake ya kutokea. Aliyekagua mtungi wake mara sita kwa siku hajui kama usiku kuna mtu macho. Kwa kosa hilo simlaumu yeye peke yake. Amefundishwa kwamba hatari iko chini, majini, na kwamba akishagusa sitaha ameshafika nyumbani. Maoni haya yaliyozoeleka yanaua kwa namna hiyo: yanaupeleka uangalifu wote upande mmoja na kuuacha upande wa pili bila mlinzi.

Chukua msiba wa Conception, ambao umechunguzwa kuliko mwingine wowote wa aina yake. Maji ya California ni baridi, lakini mpangilio wa boti ulikuwa ule ule unaoukuta Misri, Maldivi au Indonesia: sehemu ya kulala chini, ukumbi wa kulia chakula juu yake, chumba cha nahodha juu zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2019, boti ikiwa imetia nanga kwenye kisiwa cha Santa Cruz, moto ulianza nyuma ya ukumbi ule. Chini walikuwa wamelala abiria 33 na baharia mmoja. Wote 34 walikufa. Mabaharia watano waliokuwa wamelala juu waliokoka, nahodha akiwemo. Sehemu ile ya kulala ilikuwa na njia mbili za kutokea, ngazi na tundu la dharura. Zote mbili ziliibukia kwenye ukumbi mmoja, ule ule uliokuwa ukiungua.

Sheria ya Marekani iliwataka wawe na mtu wa kuzunguka botini usiku kucha wakati abiria wamelala. Hakukuwa naye. Bodi ya usalama wa usafirishaji ya Marekani, NTSB, iliweka kiini cha msiba hapo: kampuni haikusimamia chombo chake, na zamu ya usiku ilikuwa haifanywi. Chanzo hasa cha cheche bodi haikuweza kukithibitisha, lakini haikuhitaji, kwa sababu moto mdogo unaoonwa na mtu aliye macho huzimwa kwa mtungi mmoja wa kuzimia moto. Novemba 2023 mahakama ilimtia hatiani nahodha Jerry Boylan, na Mei 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Bahari usiku ule ilikuwa shwari.

Anayetaka kuelewa moto kama huo unavyoweza kuanza, na atazame meza ya kuchajia. Kila boti ya safari inayo, kwa kawaida kwenye kona ya ukumbi. Saa tatu usiku, baada ya mzamo wa giza na chakula, utakuta hapo tochi za majini, kamera na taa zake, simu, kompyuta za mikononi, saa za kupigia mbizi, labda na droni, vyote vimechomekwa kwenye viunganishi vilivyounganishwa kimoja juu ya kingine. Karibu vyote vina betri za lithiamu, na vimeshinda kutwa vikipigwa na chumvi na jua. Betri ya aina hiyo ikiharibika ndani hupata joto yenyewe, hutoa gesi inayowaka, na joto lake huamsha ya jirani. Moshi hujaza ukumbi ndani ya dakika chache. Ukumbi huo ndio uliokaa juu ya ngazi ya vyumba vya chini. Ikiwa wote wamelala, wa kwanza kujua ni yule anayeamka akikohoa, na kwake muda umekwisha.

Nimelala kwenye boti hizi, na siandiki kwa kuzichukia. Machweo ukiwa umetia nanga nje ya mwamba, hakuna nchi upande wowote, ni miongoni mwa mambo mazuri niliyoyaona. Lakini maelekezo ya siku ya kwanza huwa marefu mno kwa yaliyo majini na mafupi mno kwa yaliyo botini. Kwenye boti moja iliyotupeleka pande za Pemba nilimwomba baharia anioneshe mlango wa dharura wa vyumba vya chini. Kijana muungwana, hakukataa. Mwisho wa korido kulikuwa na kifuniko cha mbao darini. Alikisukuma kwa kiganja, hakikwenda. Akaweka bega, mara ya kwanza, mara ya pili, ndipo kikanyanyuka kidogo, tukasikia vitu vinaburuzika kwa juu: godoro la mpishi na kasha la taulo. "Kaka, hiki hatujawahi kukihitaji," aliniambia, na alisema kwa nia njema kabisa.

Sasa twende kwenye wimbi, maana ndilo linalosingiziwa kuliko yote. Tarehe 24 Novemba 2024 boti ya Sea Story, yenye urefu wa mita 44 na iliyojengwa mwaka 2022, iliondoka Port Ghalib. Kabla ya alfajiri ya siku iliyofuata ilikwenda mrama, ikalala ubavu na kuzama karibu na mwamba wa Sataya. Watu 35 waliokolewa, 11 walikufa au hawakuonekana tena. Taarifa za mwanzo za mamlaka zilizungumzia wimbi kubwa. Utabiri wa hali ya hewa ulikuwa umeonya juu ya mawimbi ya mita 3 hadi 4. Lakini Simon Boxall, mtaalamu wa bahari wa Chuo Kikuu cha Southampton, aliiambia BBC kwamba kwa takwimu za siku ile mawimbi makubwa kabisa yasingezidi mita 1.5. Walionusurika waliieleza BBC pia kwamba waliwekewa mbele karatasi za kutia sahihi zenye maneno ya kutomshutumu mtu yeyote kwa kosa la jinai.

Tuseme basi kwamba mtaalamu huyo amekosea na wimbi lilikuwa la mita 4. Hoja bado imesimama. Boti ya mita 44 inayouzwa kwa ajili ya kuvuka bahari wazi usiku inatakiwa ihimili wimbi la mita 4. Kama haiwezi, haikupaswa kutoka bandarini onyo likiwa limetolewa. Kwa vyovyote vile, swali linamrudia aliyeijenga, aliyeiidhinisha au aliyeiondoa gatini. Ukisema "wimbi" umemtaja asiyeweza kuitwa mahakamani, na kesi imeishia hapo.

Boti za safari zina ushawishi mmoja mbaya wa kibiashara, nao ni wa kwenda juu. Mteja anataka sitaha ya kuota jua, anataka chumba chenye dirisha kubwa, anataka bafu la maji moto juu kabisa chini ya nyota. Kila ghorofa inayoongezwa hupandisha uzito, na kadiri uzito unavyopanda ndivyo chombo kinavyochelewa kusimama wima kikishainama. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa hilo: jahazi likipakuliwa shehena hutiwa farumi ya mawe au mchanga chini kabisa, juu ya mkuku, ndipo litweke tanga. Wahandisi wa meli wana jaribio lao. Chombo kikiwa kimetulia bandarini, uzito unaojulikana husogezwa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, na pembe ya kuinama hupimwa. Ni kazi isiyohitaji mitambo ya ajabu. Kinachotakiwa ni irudiwe kila chombo kinapoongezwa kitu, na majibu yake yaandikwe.

Mwaka 2025 taasisi ya Uingereza inayochunguza ajali za baharini, MAIB, ilitoa tahadhari rasmi kuhusu boti za kupiga mbizi za Bahari ya Shamu. Ilitaja tatu zilizopotea ndani ya miezi 20: Carlton Queen, iliyozama Aprili 2023 na watu wote wakaokoka, Hurricane na Sea Story. Katikati yake, Februari 2024, Sea Legend iliungua na mtalii mmoja Mjerumani akafa. Bahari ya Shamu haikubadilika ghafla miaka hiyo. Ni maji yale yale ambayo majahazi yamepita tangu enzi na enzi.

Tena bahari ile iliwasaidia watu wa Sea Story. Watano kati ya waliookolewa walitolewa ndani ya boti iliyopinduka, baada ya kukaa humo kwa takriban saa 35 kwenye mifuko ya hewa iliyobaki vyumbani. Novemba maji ya huko bado yana nyuzi joto za ishirini na kitu. Kwenye bahari ya baridi wasingefika jioni ya siku ya kwanza. Walifikiwa kwa sababu kulikuwa na wapiga mbizi wenyeji waliokubali kuingia kwenye korido zenye giza. Mtanzania hawezi kusoma habari hiyo bila kuikumbuka MV Bukoba, Mei 1996, ilipokuwa imeelea kichwa chini karibu na Mwanza na watu wakigonga kutoka ndani. Tundu lilitobolewa, hewa iliyowaweka hai ikatoka, meli ikazama. Ziwa liliwapa muda watu wale. Hatukuwa na wazamiaji na vifaa vya kuutumia muda huo.

Wapo wanaonijibu kwamba boti hizi zina vyeti. Ni kweli. Gavana wa mkoa wa Bahari ya Shamu alieleza kwamba Sea Story ilikaguliwa Machi 2024 na kupewa cheti cha mwaka mzima. Conception nayo ilikuwa ikikaguliwa, na njia zake mbili za kutokea, zilizoishia kwenye ukumbi mmoja, zilikubalika kwa kanuni zilizokihusu chombo cha umri wake. Cheti kinasema kwamba siku fulani mtu fulani alipita na orodha fulani. Hakisemi kama usiku wa leo kuna mtu macho, wala kama juu ya kifuniko cha dharura kuna godoro. Mkaguzi hayumo botini saa tisa usiku.

Wengine husema waliokufa ni matajiri waliojitakia. Neno hilo linaniudhi kuliko mengine yote. Aliyelipia safari amekubali hatari ya mita 20, aliyoisomea na aliyo na vifaa vyake. Hakukubali kufungiwa chini ya ukumbi unaoungua. Hakuna aliyemwambia ili akubali au akatae. Tena si watalii peke yao wanaokufa. Belize, Oktoba 2001, boti ya Wave Dancer ilipinduliwa na kimbunga Iris ikiwa imefungwa gatini, abiria na mabaharia wamo ndani badala ya kupelekwa kwenye makazi ya nchi kavu. Walikufa watu 20, watatu wao mabaharia. Wapishi, wahudumu na vijana wa kujaza mitungi hawana bima ya safari wala ubalozi wa kupiga kelele kwa niaba yao. Wao hulala popote panapobaki nafasi.

Halafu kuna hoja ya ajira: ukiyasema haya unafukuza watalii. Lakini zamu ya usiku ni ajira. Inaachwa kwa sababu mabaharia wachache wameamka kabla ya jua kujaza mitungi, wamebeba watu kwa boti za mpira kutwa, wameosha vyombo usiku, na mwenye boti hataki kumlipa mmoja zaidi wa kukesha. Watu hao waliochoka ndio tunaowategemea waamke kwa harufu ya moshi.

Kwetu mazungumzo haya yana haraka yake. Zanzibar imeufanya uchumi wa buluu kuwa sera kuu, na Pemba, Mnemba na Mafia zina matumbawe ambayo wapiga mbizi wanavuka mabara kuyaona. Boti za kulala zitaongezeka, na tunazipokea tukiwa na tabia ile ile ya kuisingizia bahari. MV Spice Islander I ilipozama usiku wa Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, wengi walianza na mkondo wa Nungwi. Tume ya uchunguzi ikakuta kwamba meli yenye idhini ya abiria 620 ilibeba zaidi ya 2,400. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka hatua chache kutoka Ukara, kwenye maji yasiyo na wimbi la kutajwa, ikiwa imejaza watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Kuamini kudra si kosa, nami naiamini. Ila dini inayotufundisha kudra imetufundisha pia kumfunga ngamia kwanza ndipo tumtegemee Mungu.

Ninachokidai kinaweza kuandikwa kwenye leseni mwaka huu huu, kabla boti yoyote haijaruhusiwa kulaza watu kwenye Mkondo wa Pemba. Mtu mmoja awe macho usiku kucha, jina lake na saa alizozunguka viwe kwenye daftari linalokaguliwa bila taarifa. Kila chumba cha chini kiwe na njia mbili zinazoibukia sehemu mbili tofauti, na kila abiria apite njia zote mbili kwa miguu yake kabla nanga haijang'olewa. Jaribio la kuinamisha chombo lirudiwe kila kinapoongezwa sitaha au bafu, na majibu yabandikwe mahali abiria anaweza kuyasoma. Mwenye boti anayeona haya ni mzigo ajitokeze aseme hadharani ni lipi kati ya hayo linalomshinda, na wateja wake walisikie kabla hawajalipa.